Kopo la Kimea: Historia ya Shira Iliyouzwa kwa Jina la Mkate



Mwaka 1932 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mapato ambayo ndani yake mlikuwamo kifungu kifupi kuhusu shira ya kimea. Kila ratili ya shira hiyo ilipaswa kutozwa ushuru wa senti 3, isipokuwa ile iliyouzwa kwa mwokaji mikate kwa ajili ya kuokea, au kwa watengenezaji wa dawa, wa vyakula, wa maziwa ya kimea na wengine wachache waliotajwa. Rais Herbert Hoover aliitia sahihi tarehe 6 Juni. Wakati huo kupika bia nyumbani lilikuwa kosa katika nchi nzima. Basi tujiulize: ikiwa mwokaji amesamehewa, na mtengeneza dawa amesamehewa, ni nani aliyebaki kuzilipa hizo senti 3? Sisi hatuoni mwingine ila mwenye nyumba aliyekuwa na pipa lake nyuma ya jiko. Serikali iliyomkataza kupika ilimtoza ushuru kwa sababu anapika.

Juma hili tunapenda kuifuata historia ya kopo hilo, kwa maana bei yake haikutegemea shayiri ya mashambani peke yake. Mara nyingi ilitegemea kalamu ya mtunga sheria.

Kwanza yafaa tueleze shira hii ni kitu gani. Kimea chenyewe wasomaji wetu wengi wanakijua. Akina mama wa Uchagani huloweka ulezi, huuotesha, huukausha na kuusaga, na unga wake ndio unaotiwa katika mbege. Huko Ulaya na Marekani hufanywa vivyo hivyo kwa shayiri. Nafaka inapoota, ndani yake hutokea vimeng'enya ambavyo, kimea kikitiwa katika maji ya moto ya nyuzi 65 hivi za Selsiasi, huugeuza wanga kuwa sukari. Maji hayo matamu yakichujwa, yakachemshwa pamoja na maua machungu yaitwayo hopsi, kisha yakapoa na kutiwa hamira, ndiyo yanayokuwa bia. Shira ya kimea ni maji hayohayo matamu, ila yamevukizwa katika mitungi iliyopunguzwa hewa hata yakawa mazito kama asali; maji yaliyosalia ni karibu sehemu moja kwa tano. Anayenunua kopo la shira amenunua kazi ya nusu siku iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine. Hahitaji kinu, wala chombo cha kuchujia, wala ujuzi wa kupima joto. Huyeyusha, huchemsha, hupoza, hutia hamira, hungoja. Wala si kitu kigeni kwa ndimi zetu, kwa kuwa kimea cha shayiri ndicho kinachotoa ladha tuijuayo katika Ovaltine na Milo.

Kabla ya mwaka 1920 Wamarekani waliijua jamaa ya shira hii zaidi katika maduka ya dawa. Kampuni za bia, kama Pabst na Anheuser-Busch, ziliuza kinywaji cha kimea cha kuwatia nguvu wagonjwa na akina mama wanaonyonyesha. Bia yenyewe ilikuwa rahisi kupatikana, hata mtu wa mjini hakuwa na sababu kubwa ya kujisumbua kuipika.

Ndipo yakaja Marekebisho ya 18 ya Katiba, na sheria iliyoyatekeleza, iliyopewa jina la mbunge Andrew Volstead. Ilipitishwa tarehe 28 Oktoba 1919 licha ya pingamizi la Rais Woodrow Wilson, na marufuku yakaanza kushika tarehe 17 Januari 1920. Kinywaji chochote chenye kileo kufikia nusu ya sehemu moja kwa mia kilihesabiwa kuwa kilevi. Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na milango yake. Divai ya ibada iliachwa, na mapadre wenzetu wa siku zile waliipata kwa kibali. Maji ya matunda na ya matofaa yaliruhusiwa kutengenezwa nyumbani, na kila mtu alijua kwamba maji ya zabibu hayakai maji ya zabibu kwa siku nyingi. Mpika bia hakupewa mlango wa namna hiyo. Lakini kulikuwa na kifungu kingine, nacho kilikuwa na uzito mkubwa: hati ya upekuzi isingetolewa dhidi ya nyumba ya kuishi ya mtu, isipokuwa pale ambapo vileo vilikuwa vikiuzwa humo kinyume cha sheria. Kwa maneno mengine, tendo lilikatazwa, lakini asiyeuza hakupekuliwa.

Hapo ndipo kopo la shira lilipopata soko lake. Viwanda vya bia vilikuwa na mitambo, vilikuwa na maghala ya kimea, vilikuwa na wafanyakazi wasio na kazi. Kuvukiza maji matamu badala ya kuyachachusha hakukuvunja sheria yoyote. Makopo yakajaa katika maduka ya vyakula, kando ya unga na chumvi. Sheria ilikataza kutangaza au kuuza mchanganyiko wowote uliokusudiwa kutengenezea vileo, kwa hiyo shira ikasifiwa kuwa ni ya mikate, keki na peremende. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, maana kimea kweli hufaa katika mkate. Lakini mengi ya makopo hayo yalikuwa yametiwa hopsi tayari. Ni keki gani hiyo inayotaka uchungu wa hopsi? Baadaye sana, August Busch wa pili, aliyekuwa ameirithi Anheuser-Busch, alikiri waziwazi kwamba kampuni ya familia yake ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mahitaji ya pombe haramu katika miaka ile.

Hatumlaumu kwa ukali sana. Mtu mwenye maelfu ya watu wanaomtegemea kwa mishahara hutafuta njia. Lakini tuitazame hesabu ya upande wa mnunuzi, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, mara nyingi mhamiaji kutoka nchi za Ulaya ambako bia ilikuwa sehemu ya chakula cha jioni. Kopo la ratili 3 halikutosha kwa galoni 5 za bia ya kuridhisha. Ili litoshe iliongezwa sukari nyeupe, wakati mwingine nyingi kupita kiasi, kwa sababu sukari ilikuwa rahisi kuliko kimea. Sukari hiyo huongeza kileo bila kuongeza mwili wa kinywaji, na bia ikatoka nyepesi na kali. Hamira ilikuwa ile ya mkate. Aliyeijaza chupa kabla uchachu haujaisha alisikia usiku chupa zikipasuka chini ya nyumba. Wala kopo lisingeweza kumwonya, kwa kuwa kuandika juu yake maelezo ya kweli ya kupika bia kungekuwa ni kukiri kosa. Hili, kwa maoni yetu, ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote katika historia hii: watu waliuziana kitu mchana kweupe, na hakuna aliyekuwa huru kumwambia mwenzake namna ya kukitumia bila madhara.

Adhabu nayo haikuanguka kwa usawa. Mwaka 1930 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Danovitz, iliamua kwamba mapipa matupu, chupa, vizibo na lebo vilivyowekwa dukani kwa namna ya kuwavutia watengenezaji wa pombe vingeweza kutaifishwa. Wakati huo viwanda vikubwa vya shira viliendelea na biashara. Mwezi Januari 1931 tume iliyoongozwa na George Wickersham, iliyochunguza utekelezaji wa marufuku, ilitoa ripoti iliyoeleza jinsi upikaji wa nyumbani ulivyokuwa umeenea na jinsi ilivyokuwa vigumu kuuzuia. Mwaka uliofuata ndipo ulipokuja ule ushuru wa senti 3. Mwaka huohuo wa 1932, kampuni ya Premier Malt Products, iliyotajirika kwa kuuza shira ya kimea, iliungana na Pabst, na Harris Perlstein wa upande wa shira akawa ndiye kiongozi. Mwuza makopo alikuwa amekuwa na nguvu kuliko mpika bia mkongwe.

Bia nyepesi iliruhusiwa tena kuanzia tarehe 7 Aprili 1933, na marufuku yote yakafutwa tarehe 5 Desemba mwaka huo. Wengi hudhani kwamba tangu siku hiyo kila mtu aliachwa huru. La hasha. Divai ya nyumbani ilipewa nafasi katika sheria ya nchi. Bia ya nyumbani haikupewa. Kwa miaka 45 kopo lilibaki rafuni na mpika bia akabaki mkosaji. Shira haipendi kukaa: kadiri inavyozeeka huzidi weusi, na ladha yake hupotea. Bidhaa ambayo wateja wake wa kweli hawatajwi haina wa kuidai ubora wala wa kushindania bei.

Waingereza walikuwa wamepita njia nyingine, nayo inafaa kulinganishwa. Kwao kimea chenyewe kilitozwa kodi tangu mwaka 1697, hivi kwamba maskini aliyetaka kupika alilipa kabla hajawasha moto. William Gladstone aliifuta kodi hiyo mwaka 1880 na kuihamishia kwenye bia, lakini akamtaka anayepika nyumbani awe na leseni. Leseni hiyo ilidumu hadi mwaka 1963, alipoiondoa Waziri wa Fedha Reginald Maudling. Matokeo yake hayakuchelewa. Katika miaka ya 1970 duka la dawa la Boots liliuza vifurushi kamili vya kupikia bia, na viwanda vya kimea kama Munton & Fison huko Stowmarket na Edme huko Mistley vilitengeneza shira kwa ajili ya mpika bia waziwazi, pamoja na maelezo ya matumizi.

Nchini Marekani mabadiliko yalikuja kwa juhudi za Seneta Alan Cranston wa California na wenzake. Rais Jimmy Carter aliitia sahihi sheria hiyo tarehe 14 Oktoba 1978, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Februari 1979: galoni 100 kwa mwaka katika nyumba ya mtu mzima mmoja, galoni 200 wakiwa wawili au zaidi, bila ushuru na bila kuuza. Mengi ya makopo mema waliyoyafungua wapikaji wa mwanzo yalitoka Uingereza, ambako wenzao walikuwa wametangulia kwa miaka 16. Majimbo yalibaki na uamuzi wao wenyewe, na Mississippi na Alabama hayakuruhusu hadi mwaka 2013.

Leo swali la mpika bia ni la bei tu, nalo lina majibu ya kawaida. Shira ya pipa kubwa ni nafuu kuliko ya kopo, na marafiki wanaweza kugawana. Ile iliyokaushwa ikawa unga huonekana ghali, lakini kilo 1 yake hufanya kazi ya kilo 1.2 za shira, tena hukaa muda mrefu zaidi. Aliye na nafasi na subira hununua kimea chenyewe: kilo 1.3 hivi hutoa utamu wa kilo moja ya shira, kwa gharama ndogo zaidi. Wengine huwaendea wauzaji wa mahitaji ya waokaji mikate, ambako shira ileile hupatikana. Huko ni lazima kuisoma lebo, kwa maana baadhi ya shira za waokaji huchanganywa na sharubati ya mahindi.