Nani Aimbe Kanisani?

Mjadala kuhusu muziki na sifa katika ibada za Kikristo haukauki midomoni mwetu. Wapo wanaolalamika kwamba magitaa na ngoma vimefukuza utulivu, na wapo wanaosema kwamba nyimbo za kitabuni zimepitwa na wakati. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishana juu ya ala, ilhali swali ambalo Kanisa limekuwa likigombania kwa karne nyingi ni la mamlaka: nani aimbe, kwa lugha ipi na kwa mahadhi ya nani?

Katika karne ya 4, Sinodi ya Laodikia, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, iliweka kanuni ya 15 iliyoagiza kwamba asiimbe mtu kanisani isipokuwa waimbaji waliowekwa rasmi. Wapo wanaoifasiri kanuni hiyo kuwa ilihusu kuongoza wimbo tu. Hata hivyo, katika Kanisa la Magharibi, kwa karne zilizofuata, uimbaji ulizidi kuwa kazi ya mapadri, watawa na kwaya, tena kwa Kilatini. Mkulima aliyesimama nyuma alisikiliza.

Mwaka 1524 hali ilianza kubadilika huko Ujerumani. Kijitabu kilichochapishwa mwaka huo Nürnberg kilikuwa na nyimbo 8 tu, 4 kati yake zikiwa za Martin Luther. Udogo wake usitudanganye, kwani sasa fundi seremala na mkewe waliweza kutamka imani yao kwa lugha ya nyumbani. Lakini wanamatengenezo wenyewe hawakukubaliana. Zwingli, aliyekuwa mwanamuziki hodari, aliondoa muziki katika ibada za Zürich. Calvin naye aliruhusu waumini waimbe, ila hasa zaburi, bila ala.

Upande wa Kanisa Katoliki, mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alitoa waraka kuhusu muziki mtakatifu. Alitaka waumini washiriki zaidi kwa kurudia uimbaji wa Kigregoriani. Waraka huohuo ulikataza piano, ngoma na matoazi kanisani, na ukawazuia wanawake kuwa wanakwaya. Tutafakari maana yake kwa Mwafrika. Mahali ambapo ngoma ilimpokea mtoto, ikamsindikiza bibi harusi na kumlilia marehemu, kuiacha nje ya mlango wa kanisa kulikuwa sawa na kumwambia mwumini aingie nusu.

Hata penye lugha zetu, mahadhi yalibaki ya kigeni. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali nyimbo nyingi za Kijerumani na Kiingereza humalizia mstari kwa pigo zito. Mtafsiri alipolazimisha maneno yaingie katika tuni hizo, neno lilitamkwa kwa namna ambayo hakuna mtu angeitamka sokoni.

Lakini tusisimulie historia hii kana kwamba Waafrika walikaa wakipokea tu. Mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alichukua mtindo wa kwaya wa kimisheni akatunga wimbo wa kuiombea Afrika. Mwaka 1912 wimbo huo uliimbwa katika mkutano wa kuanzishwa kwa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mahadhi yake yakawa wimbo wetu wa taifa. Ombi la kanisani liligeuka sauti ya raia.

Mwaka 1958 huko Kamina, Kongo, misa ya Kilatini iliimbwa kwa mahadhi ya Kikongo, ikajulikana kama Missa Luba. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati kuhusu liturujia iliyoagiza kwamba muziki wa jadi wa watu upewe heshima inayostahili na nafasi ifaayo katika ibada. Kwa upande wa Walutheri, mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa teolojia Makumira, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ujerumani na Marekani. Waliokuwa wakituletea nyimbo wakaanza kuimba zetu.

Tumefika wapi leo? Katika ibada nyingi ninazohudhuria mjini, vijana wachache wenye vipaji husimama jukwaani, vipaza sauti vikifunguliwa hadi mwisho, na mamia walio kwenye mabenchi hutazama. Umeme ukikatika, wimbo nao hukatika. Hatuna kanuni ya kuwanyamazisha waumini, lakini matokeo yanafanana na yale ya Laodikia.

Ni haki pia kukiri kwamba vikundi hivi vya kusifu na kuabudu vimefungua milango. Mabinti ambao waraka wa mwaka 1903 usingewaruhusu kwenye kwaya ndio wanaoongoza sasa, na vijana wengi wamepata humo wajibu ambao kamati za wazee hazikuwapa. Kuvifuta si suluhisho. Kinachotakiwa ni kuvipima kwa kipimo kimoja: je, bibi aliye kwenye benchi la mwisho anaimba?

Kwa wanaharakati na watumishi wa umma, kipimo hicho kinafaa hata nje ya kanisa. Mkutano wa kijiji uliojaa watu wanaopiga makofi si ushirikishwaji iwapo hakuna aliyepata nafasi ya kusema. Idadi ya waliohudhuria na idadi ya waliosikika ni hesabu mbili tofauti.

Kwa hiyo, kamati ya kanisa inapokaa kupanga bajeti ya spika mpya, mjumbe mmoja na aulize ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya kuwafundisha waumini wote wimbo mpya kabla ya ibada. Kisha ubeti mmoja uimbwe vyombo vikiwa vimezimwa, tusikie kama kanisa bado lina sauti.