Maswali ya Mama wa Rochdale

Jumatano ya tarehe 28 Aprili 2010, zikiwa zimebaki siku 8 Waingereza wapige kura, mama mjane wa miaka 65 alitoka nyumbani kwake Rochdale, mji wa kaskazini mwa Uingereza, kwenda kununua mkate. Njiani akakuta kundi la watu, kamera na walinzi. Waziri Mkuu, Gordon Brown, alikuwa amefika kuomba kura.

Mama huyu hakuwa mpinzani. Alikuwa amekipigia kura Labour, chama cha Brown, maisha yake yote, kama baba yake kabla yake, na alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika halmashauri ya mji wake, akihudumia watoto wenye ulemavu. Alipaza sauti kutoka pembeni kuhusu deni la taifa, na wasaidizi wa Brown wakaona ni bora asogezwe mbele aongee na kiongozi ana kwa ana. Yaliyofuata yaliandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Jina lake nalo likatangazwa kila mahali kwa muda mrefu kuliko alivyotaka, kwa hiyo hapa nitamwita mama wa Rochdale.

Wengi wanaokumbuka siku ile wanakumbuka tusi. Brown alipoingia garini alisahau kwamba kipaza sauti kidogo cha televisheni ya Sky kilikuwa bado kimebanwa kwenye nguo yake. Akamlalamikia msaidizi wake kwamba yale yalikuwa maafa, kwamba hawakupaswa kabisa kumkutanisha na mwanamke yule, akauliza hilo lilikuwa wazo la nani. Alipoulizwa mama amesema nini, alijibu kwamba amesema kila kitu, kwamba ni mwanamke mbaguzi tu anayedai zamani alikuwa wa Labour. Maneno yote yakanaswa.

Tusi likameza maswali, na hicho ndicho kinachonisikitisha kila ninapoirudia habari hii. Mama aliuliza mambo matano katika dakika chache za kusimama barabarani, na nchi ikabaki kujadili tabia ya kiongozi. Kwa hiyo tuanze na maswali.

La kwanza lilikuwa deni. Mtikisiko wa benki wa mwaka 2008 ulikuwa umeilazimisha serikali kukopa kwa kasi ambayo Waingereza hawakuwa wameiona tangu Vita vya Pili vya Dunia, na mama alitaka kujua watatokaje. Brown, aliyekuwa Waziri wa Fedha kwa miaka 10 kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 2007, alimtajia mpango wa serikali wa miaka minne. Mpango wenyewe ulikuwa wa kupunguza nakisi ya bajeti kwa nusu. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja kati ya mapato na matumizi, na unaweza kuipunguza kila mwaka huku deni lenyewe likizidi kukua. Mama aliuliza kuhusu deni.

Kisha akagusa pensheni. Mumewe alikuwa amefariki, na sehemu ya pensheni yake ikawa inamfikia mjane, lakini ikikatwa kodi. Akasema pia juu ya misaada ya serikali, kwamba alilelewa kuthamini elimu, matibabu na kuwatunza wanyonge, na sasa anaona wasio wanyonge wakipata na wanyonge wakikosa. Kabla ya kuagana akauliza kuhusu ada za vyuo vikuu, maana alikuwa akiwafikiria wajukuu wake.

Katikati ya hayo aliuliza kuhusu wageni kutoka Ulaya Mashariki, akishangaa wanamiminika kutoka wapi. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyomkera Brown. Nami ninayeandika haya sifurahii jinsi swali lilivyowekwa. Watu wetu wengi wanaishi Uingereza, wapo wauguzi, madereva na wanafunzi, na tunajua jinsi neno la kumiminika linavyogeuka haraka kuwa kidole kinachomwelekea jirani. Lakini swali lilikuwa na historia, na Waziri Mkuu aliijua kuliko mtu yeyote pale barabarani. Mwaka 2004 nchi nane za Ulaya Mashariki na Kati zilipojiunga na Umoja wa Ulaya, wanachama wengi wa zamani waliweka vizuizi vya muda kwa wafanyakazi wao. Uingereza, Ireland na Sweden zilifungua milango tangu mwanzo. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali ya Uingereza ulikuwa umekadiria kwamba wangeongezeka watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Waliofika walikuwa mamia ya maelfu. Serikali iliyokosea hesabu kiasi hicho ilikuwa na wajibu wa kuwaeleza wananchi. Brown alijibu kwamba watu milioni moja wamekuja kutoka Ulaya, na Waingereza milioni moja wamekwenda kuishi huko. Jibu hilo lilikwepa kile ambacho mama alikuwa anakiona katika mji wake.

Na mji wenyewe ni upi? Msomaji wa Kilimanjaro au Kagera huenda ameshalisikia jina la Rochdale darasani au katika mkutano wa chama cha msingi. Ni pale ambapo mwaka 1844 wafumaji na mafundi 28 waliochoshwa na maduka ya kupunja walichanga fedha, wakafungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane, wakauza unga, siagi, sukari na mishumaa. Kanuni walizojiwekea zilienea ulimwenguni na zikawa msingi wa vyama vya ushirika, pamoja na KNCU ya wakulima wa kahawa iliyoanzishwa Moshi mwaka 1933. Mojawapo ya kanuni hizo inasema kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Viwanda vya pamba vilivyoujenga mji huo vilikufa karibu vyote katika karne ya 20, na familia nyingi zilizokuja kutoka Pakistan kufanya kazi humo zikabaki. Mama aliyemsimamisha Brown alikulia katika mji ambao mwenye kisenti kimoja aliruhusiwa kusimama mkutanoni na kuhoji mahesabu.

Zamani wanasiasa wa Uingereza walizoea kuhojiwa hivyo. Kabla ya sheria ya kura ya siri ya mwaka 1872, wagombea walisimama kwenye jukwaa la mbao mbele ya umati, na mpiga kura alitaja hadharani anamchagua nani. Watu wasio na haki ya kupiga kura walikuwa nayo haki ya kupiga kelele, na waliitumia. Hata baada ya kura kuwa ya siri, mikutano ya hadhara ilibaki mahali pa kukatizana maneno. Harold Wilson, kiongozi wa Labour, aliipenda kazi hiyo. Katika kampeni ya mwaka 1964, akihutubia Chatham, mji wa bandari ya kijeshi, aliwauliza wasikilizaji kwa madaha kwa nini yeye anasisitiza sana umuhimu wa jeshi la majini. Mtu mmoja akamjibu kwamba ni kwa sababu yuko Chatham. Mpinzani wake, Alec Douglas-Home, alizomewa vibaya Birmingham katika kampeni hiyohiyo, na ilionekana wazi kwamba hakuwa na dawa ya zomeazomea.

Televisheni ilibadilisha mambo. Vyama vilijifunza kupanga ziara, kuchagua watu wa kusimama nyuma ya kiongozi, na kuondoa yeyote ambaye angeharibu picha ya taarifa ya habari ya saa 12 jioni. Mpiga kura wa kawaida akawa pambo. Siku chache kabla ya mama wa Rochdale kutoka kununua mkate, Uingereza ilikuwa imefanya midahalo ya kwanza ya televisheni katika historia yake kati ya viongozi wa vyama vikuu, na hata humo watu waliouliza maswali ukumbini hawakuruhusiwa kuuliza mara ya pili.

Kuuliza mara ya pili ndiko kulikofanya tarehe 24 Mei 1983 isisahaulike. Siku hiyo Margaret Thatcher alikaa katika studio ya BBC, kipindi cha Nationwide, kujibu wananchi. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 2 Mei 1982, nyambizi ya Uingereza ilikuwa imeizamisha meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, wakati wa vita vya visiwa vya Falkland. Walikufa watu 323. Mwalimu mmoja wa Cirencester, Diana Gould, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu jambo hilo, alimuuliza Waziri Mkuu kwa nini aliamuru meli ipigwe ilhali ilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku na ikielekea mbali na visiwa. Thatcher alisema haikuwa ikielekea mbali. Gould hakutetereka. Alitaja mwelekeo wa meli kwa nyuzi za dira, nyuzi 280, akaeleza kwamba tayari ilikuwa magharibi ya Falkland, akauliza tena. Alipojibiwa kwamba meli ilikuwa hatari kwa vijana wa jeshi la majini, akauliza tena. Thatcher alisema ni Uingereza peke yake ambako Waziri Mkuu anaweza kushutumiwa kwa kuzamisha meli ya adui, na kwamba ukweli wote ungetolewa baada ya miaka kama 30.

Nimeitazama picha hiyo ya zamani, na kinachonivutia zaidi ni upole wa mwalimu yule. Hapandishi sauti. Anamrudisha tu kiongozi kwenye dira. Waandishi mashuhuri wa London walikuwa na nafasi ya kumhoji Thatcher mwaka mzima, na hakuna aliyembana kiasi hicho. Siku 16 baadaye Thatcher alishinda uchaguzi kwa wingi wa viti 144 dhidi ya vyama vingine vyote, lakini suala la Belgrano halikuzikwa. Mwaka 1985 baraza la waamuzi lilimwachia huru Clive Ponting, ofisa wa Wizara ya Ulinzi aliyempa mbunge nyaraka za siri kuhusu meli hiyo.

Thatcher alimkasirikia Gould na akaikasirikia zaidi BBC, lakini alimjibu mbele ya watu. Brown alikuwa na bahati mbaya ya kuwa mpole barabarani na mkali garini. Mbele ya kamera alimsikiliza mama, akauliza habari za wajukuu, akaisifu familia yake, wakaagana kwa heshima. Hasira ikatoka mlango ulipofungwa. Waandishi wa habari ndio waliomfikishia mama maneno yale, pale pale barabarani, na uso wake ulibadilika kamera zikiwa zimewashwa. Alisema Brown ni mtu aliyesoma, kwa nini atumie maneno kama yale? Anataka kuongoza nchi, akasema, na anamwita hivyo mwanamke wa kawaida aliyeuliza maswali ambayo watu wengi wangemuuliza. Hata katika uchungu huo alirudi kwenye kodi na deni, ambavyo alisema vingewaandama watu kwa miaka 20.

Adhuhuri hiyo Brown alikuwa katika studio ya BBC mjini Manchester kwa mahojiano ya redio, na sauti yake ya garini ikachezwa mbele yake. Hakujua kwamba kamera ya studio inamwona. Aliinamisha kichwa akakishika kwa mkono, na picha hiyo ikazunguka duniani. Akampigia mama simu kuomba radhi, kisha akaacha ratiba yake na kurudi Rochdale hadi nyumbani kwake, wakakaa ndani kwa zaidi ya nusu saa. Alipotoka alijiita mwenye dhambi aliyetubu. Wapiga picha walitarajia mama angetoka wasimame pamoja mlangoni. Hakutoka.

Namheshimu Brown kwa safari ile. Ni viongozi wachache walio madarakani wanaorudi mlangoni kwa mjane siku ile ile waliyomkosea, wiki moja kabla ya uchaguzi. Ila namheshimu zaidi mama kwa kubaki ndani. Radhi aliipokea kama mtu na mtu. Picha ya kampeni hakudaiwa na yeyote.

Tarehe 6 Mei Labour ilipata viti 258, Conservative 306, na Brown akajiuzulu siku tano baadaye. Wapo wanaosimulia kwamba mama wa Rochdale ndiye aliyemwangusha, na si kweli. Kura za maoni hazikuonyesha mporomoko wowote mkubwa baada ya siku ile, na Labour ilikuwa nyuma tangu kabla. Katika jimbo la Rochdale lenyewe mgombea wa Labour alishinda, kwa tofauti ya kura 889.

Aliyeshindwa hapo alikuwa mbunge aliyekuwapo, wa chama cha Liberal Democrat. Wagombea wa chama hicho walikuwa wametia saini ahadi ya kupinga nyongeza ya ada za vyuo vikuu. Kilipoingia serikalini pamoja na Conservative, bunge lilipitisha Desemba mwaka huohuo kiwango cha juu cha pauni 9,000 kwa mwaka, na wanafunzi walioanza chuo mwaka 2012 ndio waliokuwa wa kwanza kukilipa. Mwezi Juni 2016 Waingereza walipoulizwa kuhusu Umoja wa Ulaya, wakazi wa Rochdale walipiga kura ya kutoka kwa takriban asilimia 60. Na deni la taifa, lile swali la kwanza alilopaza sauti kutoka pembeni, lilivuka pauni trilioni 2 mwaka 2020, chini ya waziri mkuu wa tatu tangu Brown aondoke.