Oscar Kambona: Hoja Iliyokwenda Ugenini

Mkoa wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni mji wa Songea, uliipa Tanganyika viongozi wawili waliosimama bega kwa bega na Mwalimu Julius Nyerere katika kudai uhuru. Mmoja ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyebaki na Mwalimu hadi mwisho, na ambaye kumbukumbu yake inaenziwa. Wa pili ni Oscar Salathiel Kambona, aliyeihama nchi mwaka 1967 na kuishi ugenini kwa miaka 25. Jina la kwanza hutajwa kwa fahari; la pili hutajwa kwa kusitasita, kana kwamba kesi yake ingali mahakamani.

Kambona alizaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha Kwambe, karibu na Mbamba Bay, mwambao wa Ziwa Nyasa. Baba yake, David Kambona, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo nchini humo kupewa upadri wa Kanisa la Anglikana. Mtoto alianzia shule ya misheni ya Liuli, akaendelea Dodoma, kisha Tabora. TANU ilipoasisiwa mwaka 1954 hakukawia kuwa mtendaji wake mkuu, akizunguka nchi kuandikisha wanachama. Baadaye alikwenda London kusoma sheria, na alipooa huko mwaka 1960, msimamizi wa harusi yake alikuwa Mwalimu mwenyewe.

Baada ya uhuru alishika wizara za Elimu, Mambo ya Ndani, kisha Mambo ya Nje na Ulinzi. Aliiongoza pia Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Askari wa kambi ya Colito walipoasi tarehe 20 Januari 1964, na Mwalimu na Kawawa wakawa mafichoni, Kambona ndiye aliyewaendea waasi na kuzungumza nao. Alikuwa na nafasi ya kujitwalia madaraka, na hakuyatwaa. Hata hivyo, tangu siku hizo ilijulikana kwamba serikalini kuna mtu wa pili mwenye sauti, na wahenga walikwisha kusema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja.

Mfarakano ulidhihirika mwaka 1967. Mwezi wa Februari Azimio la Arusha lilitangazwa. Juni Kambona akajiuzulu. Julai akapita Kenya na kwenda Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba ujamaa wa vijijini ungejaribiwa kwanza mahali pachache, matokeo yake yakapimwa, ndipo uenezwe. Aliuona pia mfumo wa chama kimoja kuwa umemwachia mtu mmoja madaraka makubwa mno.

Ajabu ni kwamba jaribio la namna hiyo lilikuwapo tayari, tena mkoani kwake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakulima wa Litowa, na baadaye wa vijiji vingine vya Songea, walikuwa wakilima pamoja kwa hiari yao chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na shule yao, walijiamulia mambo yao katika mikutano yao, na Mwalimu alipendezwa nao. Septemba 1969 uongozi wa TANU ulikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi katika vijiji ni lazima. Basi katika muda wa miaka michache Ruvuma ilipoteza mambo mawili: waziri aliyetaka ujamaa ujaribiwe, na wakulima waliokuwa wakiujaribu. Ushahidi na mwenye hoja havikukutanishwa kamwe.

Badala ya hoja yalikuja mashtaka. Ilielezwa hadharani kwamba Kambona alikuwa na fedha nyingi zisizolingana na mshahara wake. Yeye akiwa London alitaka iundwe tume ya kuchunguza, na tume haikuundwa. Tuhuma ikabaki tuhuma: haikuthibitishwa wala haikufutwa.

Aliyeondoka alikuwa mbali. Mkono wa dola uliwafikia waliobaki. Ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini Desemba 1967 bila ya kuhukumiwa, wakatoka takriban miaka 10 baadaye. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa kiongozi wa juu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi na mtu wa karibu wa Kambona, naye alikamatwa. Mwaka 1969 alikabidhiwa kwa serikali ya visiwani, na hakuonekana tena akiwa hai.

Mwaka 1970 ilisikilizwa kesi ya uhaini mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges. Kambona alitajwa kuwa kinara wa njama, naye hakuwapo kizimbani. Waliokuwapo ni wengine, akiwamo Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewatoa wanawake wenzake majumbani na kuwaingiza TANU. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akasamehewa mwaka uliofuata.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, Kambona alirejea mwezi wa Septemba, akapokewa na umma uliokuwa na hamu ya kumsikia. Wengi walitazamia aizungumze hoja ya 1967, ambayo kwa sehemu kubwa wakati ulikwisha kuihukumu. Yeye akaelekeza maneno kwenye nasaba za wapinzani wake, akidai kwamba asili yao si ya nchi hii. Na uraia wake mwenyewe nao ukatiliwa shaka. Ilikuwa silaha mbaya mikononi mwa kila aliyeishika, na mbaya zaidi kwa mwana wa Ruvuma, mkoa ambao watu wake wana jamaa Msumbiji na Malawi, na ambao Wangoni wake walifika kutoka kusini katika karne ya 19. Chama chake, TADEA, hakikupata hata kiti kimoja cha ubunge katika uchaguzi wa 1995. Mwaka 1997 Kambona alifariki London, akiwa na miaka 68.

Kumtukuza Kambona si lazima, wala kumlaani si haki. Alikuwa na makosa yake, na ulimi wake ulimponza mwishoni. Lakini miaka 25 ya ugeni ilimla mtu pamoja na hoja yake. Aliporudi alikuwa amebakiwa na kinyongo. Na waliobaki nyumbani, kwa kukosa wa kuwabishia, walitoa amri ya 1973 pasipo mtu ndani ya baraza aliyethubutu kuwauliza: vijiji vya Songea vilivyoundwa kwa hiari vilivunjwa kwa sababu gani?