Slaidi zimefika, sauti haikufika: usifute rekodi zako kwanza

Juma lililopita binti mmoja wa mtaani alinijia na kipakatalishi chake kikuukuu. Alikuwa amepanga picha za hayati bibi yake katika PowerPoint, na kwenye kila picha akaweka sauti ya bibi mwenyewe akisimulia. Zilikuwa dakika 12 alizomrekodi kwa simu kabla Mola hajamchukua. Akawatumia ami zake walioko Muscat kwa baruapepe. Jibu likarudi: picha tumeziona, mashallah, lakini bibi hasemi kitu.

"Mjomba, mbona kwangu anasema?" akaniuliza. Rekodi alikwisha kuzifuta kwenye simu ili apate nafasi, na kesho yake kipakatalishi chenyewe kingefutwa chote apewe nduguye.

Nikamwomba kwanza asifute chochote. Sauti haikupotea njiani baina ya Mombasa na Muscat. Haikutumwa.

PowerPoint ina njia mbili za kuweka sauti. Ya kwanza ni kuitia ndani ya faili ya slaidi. Ya pili ni kuiunganisha: faili huandika tu mahali sauti ilipo katika tarakilishi yako, kama mtu anayekuelekeza dukani bila kukupa bidhaa. Kwako itasikika kwa kuwa duka liko humo humo. Kwa mwenzako duka hilo halipo.

Binti huyu alitumia PowerPoint 2007. Toleo hilo na yaliyolitangulia huweza kutia ndani sauti za aina ya WAV peke yake, tena zisizozidi kilobaiti 100 usipobadilisha kipimo. MP3 zote huunganishwa. Tangu toleo la 2010 sauti hutiwa ndani, isipokuwa wewe mwenyewe uchague kuiunganisha.

Jinsi ya kutambua

Tazama uzito wa faili. MP3 ya kawaida huchukua karibu megabaiti 1 kwa dakika. Faili ya binti ilikuwa na megabaiti 2, picha zikiwemo. Dakika 12 za sauti hazingeenea humo. Katika matoleo mapya, bonyeza File kisha Info. Ukiona maneno Edit Links to Files, fahamu kuna kitu kimeunganishwa tu.

Jinsi ya kurekebisha

1. Tafuta rekodi za awali na uzikusanye katika folda moja. Weka nakala nyingine kwenye flashi.

2. Fungua slaidi katika tarakilishi yenye toleo la 2010 au jipya zaidi. Ondoa alama ya spika ya zamani, kisha uiweke sauti upya kupitia Insert na Audio. Hifadhi kama pptx. Uzito wa faili ukipanda, sauti imeingia.

3. Kama huna ila toleo la zamani, tumia Package for CD, kisha Copy to Folder. Programu itakusanya slaidi na sauti pamoja. Ifunge folda hiyo kwa zip uitume, na umwambie mpokeaji aifungue yote kwanza ndipo aanze kutazama.

4. Kwa wazee wanaotumia simu, njia nyepesi ni kuigeuza iwe video: File, Export, kisha Create a Video. Tahadhari na PDF, kwani hiyo hubakisha picha tu.

5. Gmail haibebi viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Kikizidi hapo, hupakiwa Google Drive na mpokeaji hupata kiungo. Hakikisha umempa ruhusa ya kukifungua.

Kama sauti imo na bado haisikiki

Huenda mpokeaji anaitazama ndani ya baruapepe, ambamo slaidi huonekana kama picha tu. Aipakue kwanza. Akiiona na ukanda wa manjano juu, abonyeze Enable Editing, mradi anamjua aliyemtumia. Pengine sauti imewekwa isubiri kubonyezwa, naye hajui kwamba abonyeze alama ya spika. Tena ziko rekodi za simu na sauti za WhatsApp ambazo PowerPoint nyingi hazizisomi. Zigeuze ziwe MP3 kabla ya kuziweka.

Kujaribu katika tarakilishi yako mwenyewe hakutoshi, kwa kuwa hapo hata sauti iliyounganishwa husikika. Jitumie baruapepe, kisha uifungue katika tarakilishi nyingine, hata ikiwa ni ya saiba.

Binti yule tulizikuta rekodi zake zote katika folda ya Downloads, mahali ambapo pangekuwa pa kwanza kusafishwa. Tuliziweka upya, faili ikafika megabaiti 14, tukaituma baada ya Isha. Usiku ule ule ami yake mkubwa akapiga simu. Alisema kidogo sana, na nyuma yake tulimsikia bibi akihadithia.

Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Slaidi ndiyo msala, rekodi ya awali ndiyo mbacha. Itunze mpaka mpokeaji akwambie kwa kinywa chake kwamba amesikia.