Brashi ya Jicho la Jahazi

Apitaye Keko, katika Wilaya ya Temeke, husikia randa na nyundo kabla hajaona samani. Ni mtaa wa maseremala, na brashi ya huko ni ile pana ya kupakia vanishi. Juu ya mlango wa kabati ni hodari. Lakini ipewe jahazi la mfano lenye urefu wa kiganja, iambiwe itie jicho kwenye omo, itaaibika.

Tatizo hili ni la kale. Mnamo mwaka 1400 hivi, Cennino Cennini wa Italia aliandika kitabu cha mafundisho ya uchoraji. Kwa kazi laini alitaka nywele za mkia wa kindi, zifungwe na kuchomekwa katika bua la unyoya: la tumbusi kwa brashi kubwa, la njiwa kwa ndogo. Brashi ya nywele za nguruwe aliagiza ipake chokaa ukutani kwanza hadi ilainike. Fundi wa Keko angelipokea shauri hilo bila kubisha. Siku za baadaye nywele za kicheche wa Siberia ndizo zilizosifiwa zaidi.

Wengi hudhani kwamba kitu kidogo hudai brashi yenye nywele chache mno. Sivyo. Brashi isiyo na tumbo haibebi rangi, na mstari hukatika njiani. Itakiwayo ni yenye tumbo la kutosha na ncha moja kali. Wala ncha ionekanayo dukani isiaminiwe, kwa kuwa aghalabu imeshikwa na gundi. Ioshwe kwa maji, ikung'utwe, ndipo itazamwe kama nywele zinarudi pamoja.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ipakwayo baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na wafuasi wake wakaendelea kutia madoa ya chui moja moja kwa rangi hiyo hiyo. Rangi ya namna hiyo ikikauka kwenye shingo ya brashi, nywele hutawanyika na ncha hupotea. Basi ichovywe nusu tu ya nywele, na kazi ikiisha ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, na ncha ichongolewe kwa vidole kabla haijalazwa.