Kaniki Aliyoikataa Bibi



Wiki chache zilizopita alitujia bibi harusi mmoja na mashoga zake. Alitaka usiku wake wa hina uwe wa kizamani: yeye avae kisutu, na wasichana wa kumsindikiza wavae kaniki wote, wafanane, picha zitoke vizuri. Picha ya mfano alikuwa nayo kwenye simu. Tulishaanza kuandika vipimo. Bibi yake, ambaye muda wote alikuwa kimya kwenye kiti cha mlangoni na mkoba wake mapajani, akauliza, "Umesema wavae nini?" Akaambiwa kaniki. Akasema, "Kaniki haiingii nyumbani kwangu. Mama yangu aliivua, mimi sikuivaa, na mjukuu wangu hamvalishi mtu." Akanyanyuka akatoka. Bibi harusi akabaki anatutazama, na sisi tunamtazama yeye.

Kaniki sisi tuliijua kama kitambaa cheusi cha bei rahisi, cha kuvaa shamba. Historia yetu tuliishia Kidato cha Nne, na huko tulikariri miaka na majina ya masultani. Hakuna aliyetusomesha walivaa nini watu waliochuma karafuu za masultani hao. Basi tukaanza kuulizia kwa wazee, tukasoma kilichoandikwa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Hapa kwetu ukisema mapinduzi, kila mtu anajua unazungumzia Januari 1964. Sisi leo tunataka kuzungumza juu ya mageuzi mengine, yaliyotangulia zaidi ya miaka sitini, ambayo hayana gwaride wala sikukuu. Yalifanywa na wanawake, na silaha yao ilikuwa doti ya kanga.

Zama za utumwa nguo ilikuwa kama kitambulisho. Meli za Wamarekani, nyingi kutoka Salem, zilileta pamba nzito isiyopakwa rangi, nasi tukaiita merikani. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa, mwanamume kwa mwanamke. Mwanamke alijifunga kipande kimoja chini ya makwapa, mabega wazi. Ikichovywa kwenye nili mpaka iwe nyeusi, ikawa kaniki: haionyeshi uchafu, inastahamili kazi. Kufunika kichwa na kuvaa viatu zilikuwa alama za uungwana. Ukikutana na mwanamke njiani hukuwa na haja ya kumuuliza yeye ni nani, kwani mabega yake yamekwishakujibu. (Merikani tunayo dukani hadi leo, tunajaribia mkato kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa cha gharama. Tangu tujue habari hizi, kila tukiikata tunanyamaza kidogo.)

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash. Lakini kufunga soko si kumwacha mtu huru, na waliokwishanunuliwa walibaki walipo. Tarehe 6 Aprili 1897 ndipo Sultan Hamoud bin Mohammed, Waingereza wakiwa nyuma yake, alipotia saini amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Na amri yenyewe ilikuwa na masharti. Mtumwa hakuamka asubuhi akawa huru. Alitakiwa aende mwenyewe mbele ya wakubwa aombe, aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa hata pesa moja. Na masuria wakaachwa nje kabisa ya amri hiyo, wakaambiwa wao ni kama wake. Walisubiri mpaka 1909.

Hebu fikirini, dada zetu. Unaambiwa umekuwa huru, lakini huna ardhi, huna ukoo, jirani bado anakuita kwa jina la bwana wako. Uhuru wako utauonyesha vipi mtu akikuona barabarani?

Wao walijibu kwa nguo, na sisi mafundi jibu hilo tunalielewa vizuri. Miaka ya mwisho ya karne ile kulikuwa na leso zinazouzwa kwa jora, vitambaa vidogo vya mraba vyenye nakshi. Wanawake wa mwambao wakaona badala ya kuzikata moja moja, wakate sita, tatu juu na tatu chini, waziunge. Ikapatikana nguo pana, yenye rangi, ambayo hapana mtu aliyepata kuiona. Wafanyabiashara wakaliona wazo hilo, wakaagiza nguo nzima ichapwe hivyo kwa kipande kimoja. Za mwanzo zilikuwa na madoa kama ya kanga, yule ndege, na jina likabaki. Baadaye yakaja maneno, mwanzo kwa herufi za Kiarabu. Viwanda vilikuwa Uingereza na Uholanzi, lakini aliyeamua ipi inunuliwe na ipi ilale dukani alikuwa mwanamke wa hapa, ambaye pengine mama yake alikuwa amevaa kaniki.

Na kwa nini doti, kwa nini mbili? Moja unajifunga, ya pili unajitanda. Hiyo ya pili ndiyo yenye maneno mazito. Kwa kanga ya pili mwanamke aliyenyimwa kufunika kichwa sasa amekifunika, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Pesa walizipata kwa jasho. Wapo waliochuma karafuu, waliosuka mikeka na makumbi, waliofinyanga vyungu, na waliofanya kazi za kutwa bandarini, tangu zama zile ambapo mtumwa aliyekodishwa alipewa kibarua, yaani kijibarua, na ujira wake akaugawa na bwana. Sasa ujira ukawa wake wote. Akaenda dukani kununua doti. Nasi tunawajua wanawake wenzetu, tunajua alikaa mbele ya kile duka nusu siku akichagua.

Halafu likaja buibui, kutoka upande wa Hadhramaut na Shihiri. Kabla yake, huko Lamu na Mombasa, mabibi wa majumba makubwa walitoka chini ya shiraa, kama hema, na lilihitaji watumwa wa kulishika. Utumwa ulipoondoka, nani tena atakubali kukushikia? Buibui mtu anajivalia mwenyewe. Kufika miaka ya 1930 lilikuwa limeenea hapa kwetu: aliyezaliwa jumba la ghorofa Shangani na aliyezaliwa kibanda cha makuti Ng'ambo wakipita Darajani wote weusi tii, huwatambui. Tunawasikia watu siku hizi wakisema buibui liliwafungia wanawake. Waseme watakavyo. Bibi zetu wengi walilivaa kama mtu anavyovaa pete aliyoinunua kwa pesa zake.

Kuna jambo la dini hapa ambalo hatutaki kulipita haraka. Wanawake hawa hawakutoka nje ya Uislamu kutafuta usawa, waliutafuta ndani yake. Mnamkumbuka Barira, radhi za Allah ziwe juu yake? Alikuwa mtumwa, akanunuliwa na Bibi Aisha akaachwa huru. Mumewe, Mughith, alikuwa bado mtumwa, na uhuru wa Barira ukampa hiari ya kubaki naye au kuondoka. Akaondoka. Mughith akawa anamfuata njiani analia mpaka ndevu zinarowa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwombea Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, ni maombezi tu. Akasema basi hana haja naye. Na akaachiwa uamuzi wake. Mwanamke aliyekuwa mtumwa juzi, maombi ya mbora wa viumbe, na jibu lake likaheshimiwa. Tunapofikiria mwanamke wa mwaka 1897 au 1909 akisimama mbele ya wakubwa kuomba karatasi yake, tunamwona Barira nyuma yake.

Majina nayo yalivuliwa kama kaniki. Karibu na mwaka 1880, Fumba, alizaliwa mtoto wa baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akapewa jina Mtumwa. Ndiyo, jina lenyewe ni hilo. Alikua akiuza vyungu, anavibeba mpaka mjini. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, na watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Taarabu ya majumbani mwa masultani ilikuwa ya Kiarabu, yeye akaileta kwenye lugha ya wauza vyungu. Na hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mwanamke aliyeuawa, muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliokuwa naye ndio wakafungwa. Mahakama ilikwisha kusema yake, naye akasema yake, nyumba zote za Ng'ambo zikasikia. Shaaban Robert alimwandikia kitabu kizima.

Mwaka huohuo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba zilikuwa zao, wamezijenga kwa udongo na makuti wenyewe, lakini ardhi ya chini ilikuwa ya wengine, na kodi ilikuwa inapanda. Nyumba nyingi zilikuwa za wanawake. Mtu aliyevaa doti yake akajenga na nyumba yake, halafu unamwambia hapa bado ni kwa bwana? Walikataa.

Na nyinyi mabibi harusi mnaofundwa na somo zenu: unyago wetu, ngoma zake na mafunzo yake, ulikuja na wanawake wa Kiyao, wa Kinyasa na wengine waliovushwa bahari kwa nguvu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ndiye wengi wetu tuliyemwona akiupigia ngoma. Wapo masheikh wenye maneno juu yake na tunawaheshimu, mengine ndani yake hata sisi hatuyakubali. Lakini tazameni kilichotokea. Waungwana waliowanyima watumwa kufunika vichwa, wajukuu wao wakaishia kukaa mbele ya wajukuu wa watumwa hao kufundishwa namna ya kuishi na mume.

Lipo na la kuhuzunisha, nalo tutaligusa kwa kifupi. Mwaka 1970 serikali ilitaka kumaliza ubaguzi wa kabila katika ndoa, na wasichana wanne wa asili ya Kiajemi wakaozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa. Usawa unaopita juu ya ridhaa ya bibi harusi hatuujui katika sheria yetu. Khansa binti Khidham aliozwa na baba yake bila kutaka, akaenda kwa Mtume, na ndoa ikavunjwa. Wanawake wa kanga hawakumlazimisha mtu kuwaoa. Walidai tu wasitazamwe mabega.

Tunayasema haya kwa sababu ubaguzi wenyewe haujaondoka. Mwaka jana tulishona gauni la mteja wetu, lulu zote tumetia kwa mkono. Siku tisa kabla ya akdi posa ikarudi. Mtu mzima upande wa bwana harusi alikwenda kuulizia bibi wa bibi yake alitokea wapi. Hakuuliza binti anasali, ana tabia gani, amesoma nini. Aliuliza la mwaka 1897. Gauni lilikaa kwetu miezi minne, mwenyewe akaja kulichukua, akalipa baki yote bila ya kupunguza, akatwambia atalivaa kwa mwengine inshaallah. Bado hajalivaa.

Yule bibi wa kaniki alirudi siku ya tatu, na mjukuu wake nyuma yake, mpole. Alichagua doti nane mwenyewe, akizinyoosha pindo moja moja na kuzitazama nyuma kama rangi imepenya, na bei alituteremshia mpaka tukachoka. Tukamuuliza kwa adabu mama yake aliivua lini ile kaniki. Akasema, "Siku aliyonizaa. Alisema mtoto asimjue nayo."

Mita kumi za kaniki tulizokwishanunua kwa ajili ya kazi ile zilikuwa juu ya kabati. Bibi alipoziona alitwambia tuzikate vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani. Tumeshaanza kuzikata.