Dani Rodrik ni nani? Profesa wa uchumi aliyeuliza ni nani hulipia biashara huria

Kila serikali ikisaini mkataba wa biashara, stori huwa ni ile ile: soko litafunguka, bei zitashuka, kazi zitajaa. Kuna profesa mmoja ambaye ametumia karibu miaka 40 akiuliza swali moja tu: sawa, lakini nani ndio atalipa? Anaitwa Dani Rodrik. Kama hujawahi kumskia, soma hii polepole, kwa sababu mambo anayoandika yanagusa ile kazi unayotafuta.

KWA UFUPI

Jina: Dani Rodrik
Kuzaliwa: 14 Agosti 1957, Istanbul, Uturuki
Kazi: Profesa wa uchumi wa kisiasa wa kimataifa, Harvard Kennedy School, Marekani
Masomo: Harvard (1979), Princeton (shahada ya uzamili 1981, PhD 1985)
Vitabu vinavyojulikana: Has Globalization Gone Too Far? (1997), One Economics, Many Recipes (2007), The Globalization Paradox (2011), Economics Rules (2015), Straight Talk on Trade (2017)
Tuzo: Tuzo ya Albert O. Hirschman (2007), Tuzo ya Princess of Asturias ya sayansi ya jamii (2020)

MTOTO WA MWENYE KIWANDA CHA BIRO

Rodrik alizaliwa kwa familia ya Wayahudi wa Istanbul. Budake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza biro. Enzi hizo Uturuki, kama nchi nyingi zilizokuwa zinajijenga, ilikuwa inazuia bidhaa za nje kwa ushuru mkali ndio viwanda vya ndani vipate nafasi ya kupumua. Wachumi wengi huiponda hiyo sera ile mbaya. Wanasema inafanya wananchi wanunue vitu ghali na vibovu.

Lakini Rodrik amesema wazi kwamba yeye mwenyewe ni tunda la hiyo sera. Kiwanda kililindwa, kikaingiza doo, na hiyo doo ndio ilimpeleka kusoma majuu. Sasa fikiria uko darasani Marekani, profesa anakwambia kulinda viwanda ni hasara tupu, na wewe unajua vizuri karo yako ilitoka wapi. Hapo ndio unaona mbona huyu msee hajawahi kumeza somo la biashara huria bila kutafuna.

SIASA AU UCHUMI?

Pale Harvard alisoma siasa na uchumi pamoja, akamaliza 1979. Ikafika wakati wa kuamua PhD achukue ya nini. Ameeleza kwamba aliangalia majarida makubwa ya hizi fani mbili. Lile la siasa lilikuwa limejaa maneno, la uchumi limejaa hesabu. Akapiga hesabu yake: ukiwa na PhD ya uchumi unaweza kusoma yote mawili, ukiwa na ya siasa lile la hesabu litakutoka. Akaenda Princeton, akasomea uchumi chini ya Avinash Dixit, mmoja wa mabingwa wa nadharia ya biashara, na akamaliza 1985.

Baada ya hapo alifundisha Harvard Kennedy School hadi 1992, akahamia Columbia, New York, kisha akarudi Harvard 1996. Kati ya 2013 na 2015 alikuwa kwa Institute for Advanced Study kule Princeton, halafu akarudi tena Harvard. Ukiangalia juu juu ni CV safi ya profesa wa kawaida. Moto uko kwa yale aliandika.

MBONA WATU HUKATAA KITU KITAWASAIDIA?

Moja ya kazi zake za kwanza kujulikana ilitoka 1991, akiwa na mchumi Raquel Fernández. Walitaka kujua mbona wananchi hukataa mageuzi ya kiuchumi hata kama wengi wao watafaidika mwishowe.

Chukulia mfano wa mtaa wa watu 100. Serikali inaleta sera mpya. Watu 40 wana uhakika watafaidika. Kati ya 60 waliobaki, 15 watafaidika na 45 wataumia, lakini hakuna anayejua yuko upande gani. Jumla ya watakaofaidika ni 55, yaani wengi. Lakini kila mmoja wa wale 60 anaona nafasi yake ya kuomoka ni moja kati ya nne. Anapiga kura ya hapana. Sera inaanguka 60 kwa 40.

Hao watu si wajinga. Hesabu yao ni sawa kabisa kulingana na kile wanajua. Hiyo ndio style ya Rodrik. Wengine wanasema "wananchi hawaelewi uchumi", yeye anauliza wananchi wanaona nini ambacho wachumi hawaoni.

1997: KITABU KILICHOWAKERA WENZAKE

Katikati ya miaka ya 90 kusema vibaya kuhusu utandawazi ilikuwa kama kutukana kanisani. Shirika la Biashara Duniani, WTO, lilikuwa limeanza tu 1995. Wachumi wakubwa karibu wote walikuwa upande mmoja.

Rodrik akatoa Has Globalization Gone Too Far? Alisema biashara inaongeza utajiri, hilo hakukataa. Shida ni kwamba mwenye kampuni anaweza kuhamisha mtaji hadi nchi nyingine, lakini mfanyakazi hawezi kuhama hivyo. Kwa hivyo mfanyakazi anapoteza nguvu ya kujadiliana: ukiitisha mshahara, mdosi anakwambia atahamisha kiwanda. Kama serikali haitawakinga hao watu, alionya, jamii itapasuka na siasa itachafuka.

Ameandika kwamba mchumi mmoja alikataa kukipigia debe, si kwa sababu hoja zilikuwa mbaya, ila aliogopa zitawapa risasi washenzi wanaopinga biashara huria. Jibu la Rodrik miaka yote limekuwa kwamba washenzi wako pande zote mbili. Makampuni makubwa pia huchukua lugha ya biashara huria kupitisha mambo yao.

Hesabu yake moja inafaa kujulikana na kila mtu. Kwa nchi kama Marekani, ambako wastani wa ushuru wa forodha ulikuwa tayari chini ya 5%, kuondoa ushuru uliobaki kungeongeza dola 1 tu ya faida halisi kwa kila zaidi ya dola 50 zinazohamishwa kutoka mifuko ya watu fulani kwenda ya wengine. Ni kama kumpa Otieno dola 51 baada ya kumnyang'anya Kamau dola 50. Nchi kwa jumla imepata dola 1. Mwambie Kamau asherehekee.

2016 ilipofika, Uingereza ikapiga kura kutoka Umoja wa Ulaya na Marekani ikamchagua Donald Trump. Watu wakaanza kufungua kile kitabu upya.

STORI YA KOROSHO ZA MSUMBIJI

Hii ndio inatukaribia zaidi. Miaka ya 60 Msumbiji ilikuwa inaongoza dunia kwa korosho. Serikali ikaja kuzuia kuuza nje korosho mbichi ndio zibanguliwe na viwanda vya ndani. Miaka ya 90, Benki ya Dunia ikasukuma nchi ifungue mlango. Hoja ilikuwa poa kwa karatasi: mkulima auze popote kuna bei nzuri, viwanda visivyofanya kazi vizuri vijipange.

Rodrik, Margaret McMillan na Karen Horn Welch wakaenda kupiga hesabu ya matokeo. Walichopata: mkulima wa kawaida wa korosho aliongeza si zaidi ya dola 5.30 kwa mwaka. Kwa mwaka mzima, si kwa siku. Upande wa pili, viwanda vya kubangua vikafunga na maelfu ya wafanyakazi mjini wakamwaga unga. Faida na hasara karibu zikalingana.

Mbona faida ikawa kidogo hivyo? Kwanza, mnunuzi mkubwa wa korosho mbichi alikuwa India, kwa hivyo mlango mmoja ndio ulikuwa unaamua bei. Pili, mabroka wa katikati walikula sehemu yao. Tatu, wakulima hawakuamini sera ingekaa, na mkorosho huchukua miaka kuzaa. Nani atapanda miti akijua kesho serikali inaweza kugeuka?

Hapa Kenya tulifanya kinyume: 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho na makadamia mbichi. Watu bado hubishana kama hiyo ilisaidia mkulima ama mwenye kiwanda. Ukifuata Rodrik, huwezi kujibu ukiwa ofisini. Lazima uende shambani na kiwandani uhesabu.

CHAGUA MAWILI KATI YA MATATU

Hoja yake maarufu zaidi alianza kuichora mwaka 2000, ikakomaa kwa The Globalization Paradox. Anasema kuna vitu vitatu ambavyo nchi hutamani: utandawazi wa kupindukia, uhuru wa kujiamulia mambo yake, na demokrasia. Huwezi kuwa navyo vyote vitatu. Unapata viwili tu.

Ukitaka kufungua uchumi kabisa na bado nchi ijiamulie, basi sheria zitatungwa kufurahisha wawekezaji na kura yako haitabadilisha kitu. Ukitaka kufungua kabisa na demokrasia ibaki, itabidi kuwe na serikali ya kimataifa ambayo watu wanaipigia kura. Ukitaka demokrasia na nchi ijiamulie, lazima upunguze kasi ya utandawazi. Yeye huchagua hiyo ya mwisho.

Mkenya akisoma hapo anakumbuka Juni 2024. Vijana waliandamana wakipinga kodi za Mswada wa Fedha, na nyuma ya pazia kulikuwa na madeni ya nje na programu ya IMF. Wananchi wanataka hivi, wakopeshaji wanataka vile, serikali imekwama katikati. Rodrik hakuandika kuhusu sisi hapo, lakini mchoro ni ule ule.

VIWANDA VINAISHA KABLA VIANZE

Kuanzia 2011, akiwa na McMillan, alionyesha kitu cha kuogofya. Tangu 1990 nchi za Asia zilikuwa zinahamisha watu kutoka kazi za tija ndogo kwenda kazi za tija kubwa, yaani kazi ambayo mtu mmoja anazalisha zaidi. Afrika na Amerika ya Kusini ilikuwa kinyume. Watu walikuwa wanatoka shambani na kuingia kwa hustle za mjini ambazo hazilipi.

Halafu 2016 akachapisha utafiti kuhusu nchi zinazopoteza viwanda mapema. Uingereza ilifikisha karibu 45% ya wafanyakazi kwenye viwanda kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndio ikaanza kushuka. India ilifika kilele kwa 13% tu, mwaka 2002. Ngazi ambayo wazungu na Waasia walipanda inakatwa wakati sisi bado tuko chini.

Mwaka 2021, yeye na wenzake waliangalia kampuni za Tanzania na Ethiopia. Viwanda vikubwa vilikuwa vinaongeza tija lakini haviajiri watu wengi, kwa sababu mashine za kisasa zimetengenezwa kuhitaji watu wachache. Vile vidogo, jua kali zetu, ndio viliajiri, lakini tija yao ilikuwa palepale. Kama umewahi kujiuliza mbona uchumi unaambiwa umekua na wewe bado unasota, sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

KESI YA BABA MKWE

2010 siasa ilimgonga mlangoni. Baba mkwe wake, jenerali mstaafu Çetin Doğan, alishtakiwa Uturuki kwamba alipanga mapinduzi mwaka 2003. Kesi hiyo iliitwa Balyoz, maana yake nyundo kubwa. Rodrik na mkewe Pınar Doğan, ambaye pia ni mchumi, wakaanza kuchambua ushahidi. Nyaraka zilizodaiwa kuwa za 2003 zilikuwa na alama za programu ya Microsoft Office 2007, na zilitaja taasisi ambazo mwaka 2003 hazikuwa na majina hayo.

Pamoja na hayo yote, 2012 jenerali alifungwa miaka 20, na zaidi ya wanajeshi 300 wakapatikana na hatia. 2014 Mahakama ya Katiba ikasema haki zao zilikiukwa, na 2015 zaidi ya washtakiwa 200 wakaachiliwa huru, yeye akiwemo. Rodrik, aliyekuwa ameandika miaka mingi kwamba taasisi imara ndio msingi wa uchumi, aliona kwa macho yake vile mahakama inaweza kutumiwa vibaya.

WANAOMPINGA WANASEMA NINI?

Wako wengi. Wanasema ukiruhusu serikali ilinde viwanda, wanasiasa watalinda viwanda vya marafiki. Sisi tunaoishi hapa tunajua hiyo si stori ya kubuni. Wanasema pia China ilitoa mamia ya mamilioni ya watu kwa umaskini kupitia biashara. Rodrik hujibu kwamba China yenyewe haikufuata kitabu: ilifungua mlango polepole na ikalinda kampuni zake kwanza.

Na usimchanganye na Trump. Amepinga ushuru wa Trump waziwazi. Kwake, ushuru bila mpango wa kazi nzuri haumsaidii mfanyakazi.

Siku hizi anasema Afrika isingoje viwanda vya kuajiri mamilioni kama vya Asia. Kazi nyingi zitatoka kwa huduma na biashara ndogo, kwa hivyo serikali ielekeze nguvu huko: mafunzo, mikopo, teknolojia inayomwongezea fundi uwezo badala ya kumtoa kazini. Hii bado haijathibitishwa kwa kiwango kikubwa popote, na yeye mwenyewe hukubali hakuna nchi imeshapita njia hiyo hadi mwisho. Kwa hivyo wakati mwingine mdosi akisimama kwa TV aseme mkataba mpya utafaidisha kila mtu, muulize maswali ya Rodrik: nani anapata, nani anapoteza, na huyo anayepoteza amepangiwa nini?